Karibu Yangu na Qariib Yako

Nasor, mwanangu niliyekuzaa mie na si mwengine,

Amani iwe juu yako, na juu ya mkeo, na juu ya huyo mtoto wenu mchanga. Sie huku Ibra wazima. Barua hii sikuitia bahasha. Naiandika wazi, na kabla haijaondoka hapa itakuwa keshaisoma Bi Zuwena jirani yangu, na wenzake wote wa barazani kwake, na yeyote mwenye macho anayejua Kiswahili. Anakuja nayo mtu wa ofisini kwa Khalfan, mume wa mdogo wako Asya, ana kazi zake huko Salala. Nshamwambia aikabidhi mlangoni, mkononi mwa mkeo. Mkeo Kiswahili hakijui. Atakuuliza, "Imeandikwa nini?" Hapo ndipo ningependa nikuone uso, baba. Utamtafsiria nini?

Ulimpigia simu Asya ukamwambia mkeo kajifungua mtoto wa kike, na kwamba anamtaka "yule bibi wa Ibra" aje kumkanda na kumwogesha mtoto mpaka arubaini iishe. Ukasema nitapewa chumba changu na sitokosa kitu. Asya akakuuliza, "Mama aje kama nani?" Ukamjibu, "Aje tu. Ila asisahau."

Sikusahau. Na jibu utalipata, nije ama nisije. Lakini kwanza nakukumbusha weye, maana katika sie wawili sijui nani aliyesahau.

Tulipofika Ibra kutoka Unguja baba yako keshafariki. Asya kichanga, nimemfunga kifuani kwa kanga, na weye meno ya mbele yamekung'oka. Hatuna mtu ila jina la ukoo. Nikashona kofia. Sijisifu, lakini ulizia Sharqiyah yote, tokea Ibra mpaka Sur, nani aliyekuwa akishona kofia ya vitobo ikasimama kichwani kama imejengwa. Walikuwa wakituma watu kutoka Nizwa! Kwa kofia zile ulikula, ukavaa, ukasoma. Na hukuvaa kiatu cha mtu mwengine hata siku moja. Mkubwa na mdogo hapa mtaani, hakuna aliyeniita Rukia. Nilikuwa Mama Nasor, na nikiitika kwa sauti ya juu ili walio mbali wasikie pia.

Unaikumbuka siku ile uliyorudi skuli na dishdasha, kanzu yako ya skuli, imechanika? Mwalimu kakuuliza unaipenda nchi yako vipi, weye ukasimama ukasema kwa Kiarabu unaipenda kutoka moyoni mwako. Ila badala ya kusema qalbi ukasema kalbi, na darasa zima likaanguka kwa kicheko, maana umesema unaipenda kutoka kwa mbwa wako. Wakakufuata njia nzima wakibweka. "Mzinjibari! Mzinjibari! Mbwa wako hajambo?" Ulilia mpaka ukatapika. Nilikwenda kwa mama wa yule aliyebweka kuliko wenzake, nikasimama mlangoni kwake nikamwambia maneno ambayo hapa siyaandiki kwa sababu ya Bi Zuwena. Halafu nikarudi, nikakukalisha juu ya mkeka, nikakushika hapa kooni kwa vidole viwili. "Qalb. Itoe huku ndani. Si kalb. Moyo, si mbwa." Mie Kurani nimesoma chuoni kwa mwalimu mkali, herufi yangu ya qaf hakuna wa kuicheka. Nikakusomesha qaf mpaka sauti ikakukauka. Baada ya hapo hakuna aliyekubwekea tena. Ukawa wa kwanza darasani, ukapata kazi ya serikali, ukapelekwa Salala. Mie nikagawa halwa mtaa mzima.

Harusi yako tuliisikia kwa simu. Ulisema imefungwa haraka, watu wachache, tusisumbuke na njia. Nikasema sawa, mwanangu mtu wa kazi, hana nafasi ya vigelegele. Nikavipiga mwenyewe humu ndani, Asya akanitazama tu.

Sasa nije kwenye ile safari.

Ilikuwa mwezi wa nane, Ibra jua linawaka hata mbuzi hawataki kusimama. Kila anayetoka Salala anasimulia. Mji unakua, barabara kila siku mpya, hospitali, bandari, nyumba za ghorofa, na juu ya yote hayo wakati huu kunanyesha rasharasha mchana kutwa, na kuna minazi, migomba na mipapai. Minazi, Nasor! Mie tokea nitoke Unguja sikupata kulala penye mnazi. Nikasema, nina mwana huko, ninangoja nini?

Nikenda kwa Bi Zuwena, ndiye mwenye simu, kaifunika kitambaa cha kufuma kama maiti. Nikakupigia ofisini. Nikakwambia, "Baba, nataka kuja kukuona. Siji kukaa. Alkhamisi na Ijumaa tu, mapumziko ya wiki, nione mvua, nimwone mkaza mwanangu, nirudi." Kwako nikasikia vikombe na sauti za wanaume. Ukajibu kwa Kiarabu, "In shaa Allah. Qariib."

Mie nikasikia karibu. Nikapiga kelele, "Starehe baba! Nshakaribia!" Ukakata.

Bi Zuwena akaniuliza, "Kasemaje?"

"Kasema karibu."

"Karibu tu? Basi?"

"Kasema inshallah karibu."

"Mama Nasor," akasema, na yule unamjua anavyoinua nyusi, "mtu gani anamkaribisha mama yake kwa inshallah?"

"Mtu mwenye dini. Wako wanaokukaribisha bila ya inshallah wako wapi?"

Akarudi kuifunika simu yake, maana wanawe wote wako Maskati na hawamwiti. Nilimshinda. Nikatoka pale nimejaa kama tanga.

Wallahi, hata harusi ya Asya sikuipanga vile. Nikamwita Khalfan nikamkalisha. Akasema, "Mama, Salala si Sur. Kwenda siku nzima, kurudi siku nzima. Utakaa huko muda wa kunywa kahawa tu, na mie Jumamosi niko kazini."

"Kahawa ya mwanangu inanitosha. Weye shika usukani, kupanga niachie mie."

Nikapanga. Jumatano Khalfan akitoka ofisini tunaondoka, tunalala Nizwa kwa jamaa zake. Alfajiri tunashika njia ya jangwani, alasiri ya Alkhamisi tuko kwako. Ijumaa asubuhi unatupeleka kwenye minazi, kisha chemchemi za mlimani, kisha bahari. Munaswali, tunakula, tunaondoka. Jumamosi Khalfan ataomba ruhusa aseme mkwewe mgonjwa.

"Lakini hu mgonjwa, mama."

"Ntakohoa."

Asya akataka tukodi chumba cha hoteli. Ati tusimshitukize mkeo. Nikamwambia, "Mtoto niliyemnyonyesha ana nyumba kubwa, mie nikalale hoteli kama mchuuzi? Watu watasemaje?" Akasema, "Mama, mpigie tena, umuulize vizuri." Nikakataa. Mtu akishakwambia karibu, humuulizi mara ya pili. Unamfedhehesha.

Nikapika. Mkate wa kumimina, ule unaoupenda umeungua kidogo pembeni. Visheti. Sambusa nimezikaanga nusu, nizimalizie kwenye jiko la mkeo, anione mkono wangu. Achari ya ndimu. Tende za hapa nyumbani, na halwa nikasema nitaichukua Nizwa njiani ikiwa na moto wake. Na kwa mkeo nikatoa kanga zangu za sandukuni, zile nilizotoka nazo Unguja, hazijaguswa na maji. Bi Zuwena akazishika akazinusa.

"Hizi unampa mke wa Salala? Atazifanya pazia."

"Akizifanya pazia, kila atakayechungulia dirishani ataniona mie."

Jumatano asubuhi nikenda soko la wanawake, sikuwa na haja ya kununua kitu, nilikwenda kuaga. Nikawaambia wote. Mwanangu kaniita Salala. Mwanangu ana nyumba yenye bustani. Mwanangu kasema niende nikapumzike, nimechoka. Mengine hukuyasema, lakini nilijua ungeyasema ungekuwa na nafasi.

Ile njia ya jangwani, baba, mtu anaweza kuisahau dunia. Hakuna kitu. Mchanga na mbingu, na Khalfan anapiga miayo, na Asya anammenyea machungwa asilale. Mie nimekumbatia sufuria la mkate mapajani njia nzima, nimekataa kuliweka chini. Kisha kidogo kidogo mlima ukaja, na juu ya mlima ukungu umelala kama pamba. Tukaingia ndani yake. Khalfan akawasha vifuta kioo. Vifuta kioo mwezi wa nane! Ng'ombe njiani, majani kila pahala, na ile harufu ya udongo uliorowa. Nikateremsha kioo nikatoa mkono nje. Nilikukumbuka weye Unguja, unatoka mbio mvuani hata suruali huna, mie nyuma yako na kanga, majirani wanacheka, "Mwache aoge, leo kisima kimemfuata!" Asya alitoka huko mchanga, hajui lolote. Akaniuliza, "Mama, unalia?" Nikamwambia mvua imeniingia jichoni.

Mji tukaukuta kweli unakua. Barabara bado inanuka lami, nyumba mpya zimesimama hazijatiwa milango, na mafundi wanafanya kazi ndani ya rasharasha kama hawaioni. Tukaulizia ofisi yako, tukaelekezwa nyumbani kwako. Ukutani kote magari yamepangwa. Nikasema, "Tazameni! Kawaalika watu kuja kunilaki." Nikajifunga buibui vizuri, nikashuka na sufuria langu.

Ukatoka. Kilemba umekifunga uzuri, udi unakutoka nguoni. Sikupata kukuona umependeza vile. Nikafungua mikono. Weye ukatazama nyuma yako.

"Nani kakwambieni mje leo?" Kwa Kiarabu.

"Weye, baba. Ulisema karibu."

"Nilisema qariib!" Sauti ya chini, meno yamekutana. "Qariib! Yaani siku za mbele. Yaani nitakwambieni. Wakwe zangu wako ndani!"

Hapo ndipo nilipoisikia ile qaf. Ilitoka kooni kwako safi, ya kisomi, mwalimu wangu wa chuoni angekupa mkono. Nilikufundisha mie. Nilikushika koo kwa vidole vyangu ili watu wasikubwekee, na uliposema nayo kwenye simu sikuitambua, kwa sababu sikio la mama lilikuwa linangoja neno lake. Neno moja, Nasor. Kwetu mlango unafunguliwa kwalo. Kwako limekuwa njia ya adabu ya kumwambia mtu abaki alipo.

Nilikuwa tayari kugeuka. Haki ya Mungu, nilikuwa nageuka. Lakini mama mkwe wako akatokea mlangoni, uso mkunjufu, anauliza wageni ni nani. Na weye hukusita. Kama ungesita, leo ningekuwa na kitu cha kushika. Ulisema, kwa Kiarabu hichohicho kizuri, "Huyu ndiye murabbiya wangu. Ndiye aliyenilea nyumbani kwetu. Kaja kunisalimia, na huyu bintiye na mumewe."

Asya, dada yako, umemfanya mtoto wa mlezi. Alifungua mdomo. Nikamfinya mkono hata leo ana alama.

Wanaume wakamchukua Khalfan. Sie tukaingizwa kwa wanawake. Mama mkwe wako ni mtu mwema, Mungu amlipe, alinikatia papai kwa mkono wake. Jina langu hakuna aliyeniuliza. Mlezi ni mlezi. Mkeo akaja akakaa karibu yangu, kijana mzuri, macho makubwa, ana haya. Yule mama akanambia polepole, kwa Kiarabu cha kumwambia mtoto, "Nasor hatuelezi habari za mama yake. Kila tukimuuliza ananyamaza, tunaona bado ana uchungu. Weye uliyekuwa nyumbani kwao, marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

Marehemu. Ndivyo nilivyojua, Nasor. Nimekaa juu ya zulia lako na papai lako mdomoni.

Asya akakiweka kisahani chini. Kutoka kwenye majlisi, chumba cha wanaume, nikasikia sauti yako, unacheka nao. Neno moja tu, na kicheko kile kingekatika. Lilikuwa ulimini. Nikamtazama mkeo, naye ananingoja kwa hamu kama mtoto anayengoja hadithi. Nikalimeza. Lakini kama umeniua, baba, hukunikataza kujisifia.

Nikasema, "Mama yake Nasor? Ah, bibi! Hajatokea mwengine. Sharqiyah nzima wakimjua. Alikuja hana kitu, akakaa na watoto wake, na mlango wake haukufungwa. Mkono wake ukishika sindano, kofia inasema. Akipika, majirani wanakuja kuuliza kuna nini. Na ulimi! Alikuwa na ulimi, hakuna aliyemchezea mwanawe akalala usingizi."

"Alikuwa mzuri?" mkeo akauliza.

"Hasemeki."

"Mweupe?"

"Nasor kachukua rangi ya baba yake," nikasema, na si uongo.

"Jina lake nani?"

"Ruqayya." Ndiyo Rukia kwa Kiarabu, na nikaitoa qaf yake vizuri, isije ikasemwa marehemu hakusoma.

Mama mkwe wako akafuta macho. "Masikini. Alikufaje?"

Nikasema, "Ghafla, bibi. Alikuwa amesimama mlangoni, mzima kabisa."

Mkeo akalia. Alilia kweli, kwa machozi, akaniwekea kichwa begani. Nikatoa zile kanga nikamwambia, "Hizi zilikuwa zake. Alikuwekea weye." Akazipeleka usoni akazibusu. Mtu pekee aliyenililia katika nyumba yako ni mgeni, na hakujua ananililia.

Tulilala chumba cha uani, ubavuni mwa jiko. Asubuhi mama mkwe wako akanipa ubani na mfuko wa nguo zake kuukuu, na akaniomba radhi kuwa si nyingi. Nikazipokea kwa mikono miwili. Sambusa zangu sikuzimalizia kuzikaanga. Sufuria la mkate lilikuwa juu ya jiko lako, limefunikwa kama nilivyolifunika, hakuna aliyelifungua. Kwenye chemchemi hatukwenda, wala kwenye minazi. Ukatufuata garini wakati Khalfan kashawasha moto, ukainama dirishani, na kwa mara ya kwanza tokea tufike ukanisemesha Kiswahili. "Mama, usinilaumu. Hujui watu hawa walivyo. Ntakuja Ibra karibuni." Mwaka mzima umepita. Karibuni yako nayo naona imesomeshwa.

Tulipofika Thamrit, jua limerudi na majani yamekwisha, Asya akamwambia Khalfan, "Simamisha gari." Akautupa ule mfuko wa nguo jangwani. Sikumkataza.

Hapa Ibra niliwaambia umetuchinjia mbuzi. Niliwaambia ulinibeba mgongoni kwenye majani marefu nisirowe miguu. Sokoni waliniuliza juma hadi juma, na kila juma nikakuongezea wema. Bi Zuwena alisikiliza yote, akanitilia chai, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuinua nyusi. Leo wanasoma hapa yalivyokuwa. Wacheke. Sina la kuficha tena, na weye ndiye uliyebaki nalo.

Sasa tuje kwenye jibu.

Asya kaniambia mtoto mumempa jina la bibi yake. Mkeo ndiye aliyetaka, kwa ajili ya marehemu aliyesimuliwa. Kwa hiyo yuko Ruqayya Salala. Na weye unamtaka Rukia apande gari akamwogeshe Ruqayya, amkande mama yake, amnong'oneze mtoto, na asisahau kuwa kafa.

Mikono inaniwasha, nakwambia kweli. Najua namna ya kumshika mtoto shingo asitikisike. Najua mafuta gani, najua mdalasini kiasi gani kwenye uji wa mzazi, najua kumfunga tumbo likarudi kama la mwari. Hakuna Salala nzima atakayemfanyia mkeo ninayoweza kumfanyia mie, na mkeo namtaka kheri. Usiku nalala nimekunja mikono kama nimepakata kitu. Ungeniita nije nifue nepi tu, nikiitwa mama, ningekuja kwa miguu, na jangwa lile ningelivuka na sufuria kichwani.

Lakini siji. Mtoto huyo atakua. Atanambia, "Bibi alikuwaje?" Na mie nitamsifia tena marehemu, nimtazame yeye usoni, nimdanganye mjukuu wangu kwa jina langu mwenyewe? Nilikufanyia mara moja kwa kuwa nilikuta ushasema. Mara ya pili itakuwa nimejizika mwenyewe, na udongo nimeutia kwa mkono wangu.

Wala usifikiri nakungoja uje mbio na machozi. Mlango huu hukujengewa weye peke yako. Ukitaka kuingia, utaanzia huko, kwenye majlisi yako, mbele ya baba mkwe wako na wanaume wote, kwa Kiarabu chako kile, umtaje mama yako ni nani na yuko wapi. Nitajua umesema. Habari hiyo haihitaji simu, itafika Ibra kabla yako. Na kama ulimi unakushinda, basi kaa nao. Nilikulea usibwekewe, ukakua ukabweka weye. Pesa unazotutumia kila mwezi asizipokee Asya tena, nshamwambia. Hatuli sadaka ya yatima.

Mkaza mwanangu, kama umemlazimisha akusomee na kafika hapa, zile kanga zivae. Ni zako. Uji utie mdalasini, usikubali kuoga maji baridi, na mtoto usimwache alie peke yake.

Na weye Nasor, nimekaa nawaza nikuage vipi. Salamu za mama kwa mwanawe haziwezi kukufaa, umeshasema huna. Basi nakupa zile wanazopewa wafiwa. Mungu akupe subira na akufanyie wepesi katika msiba huu uliojitakia. Marehemu alikuwa mtu mwema, na alikupenda sana.

Mie,
Mama yake Asya